Ablahad Qoryaqos, Mwalimu wa Waliobeba Moto

Mtu tunayemlaza leo hapa Bakhdida, karibu na Mosul, kando ya kaka yake Thabit, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba iliyo nyuma ya kanisa la Mar Yohanna. Alikuwa kitinda mimba wa Qoryaqos, mkulima wa ngano, na Hane, ambaye mikate yake ya tanuri ilisifika mtaa mzima. Siku aliyozaliwa ilinyesha mvua ya mawe iliyoua kondoo malishoni, na mkunga akasema mtoto huyu hatakosa kelele maishani mwake. Mkunga hakukosea.

Alisoma kwa masista, kisha akaingia shule ya ufundi mjini Mosul, alikomaliza mwaka 1971. Darasani hakuwa mtu wa kutajwa, na mwenyewe hakuona haya kusema hivyo. Alichokijua ni malori. Thabit, aliyemzidi miaka tisa, alikuwa na lori la tangi la kubebea petroli, na ndiye aliyemfundisha gia, breki na matusi ya barabarani. Mwaka 1976 Ablahad alipelekwa Baghdad kwenye mafunzo ya madereva wa mizigo ya hatari: petroli, gesi, tindikali, sumu za mashambani. Mwalimu wao alikuwa Mwarmenia mkali aitwaye Vartan, mtu asiye na nyusi hata moja. Siku ya kwanza aliwauliza, "Lipi litakuua upesi, tangi lililojaa petroli au tangi tupu?" Darasa zima likajibu, lililojaa. "Basi nyote maiti," Vartan akasema. "Lililojaa halina nafasi ya hewa. Lililo tupu lina mvuke na lina hewa. Linakungoja wewe tu uje na cheche yako."

Aliporudi nyumbani alimkuta Thabit uani kwa fundi. Tangi lilikuwa na ufa, na fundi alikwisha kuwasha mashine ya kuchomelea.

"Kaka, msichome. Lioshwe kwanza, kisha lijazwe maji."

"Liko tupu tangu Jumapili. Limekauka kama koo la baba wakati wa Kwaresima."

"Tupu ndiyo mbaya zaidi!"

Thabit akawageukia watu. "Msikieni profesa wangu! Wiki tatu Baghdad, leo ananifundisha kazi niliyomfundisha mimi. Nenda kaniletee chai."

Ablahad alimshika mkono amvute. Wakavutana, na Thabit akamzaba kofi mbele ya watu. Ablahad akatoka kwa hasira, na alikuwa ndiyo kwanza anafika mtaani tangi lilipolipuka. Bati la paa liliangukia uwanja wa kanisa. Fundi alizikwa katika jeneza lililokuwa karibu tupu. Thabit alikuwa amebandikwa ukutani, na Ablahad ndiye aliyemkusanya kwa mikono yake, ndani ya shuka la mama yao, akimfukuza kila aliyekuja kusaidia. Mtoto wa Thabit, Sanharib, ambaye siku hiyo alikuwa bado hajaanza kutembea, alilelewa na Ablahad kama mwanawe wa kumzaa.

Tarehe 5 Septemba 1982 alifunga ndoa na Shmuni, binti wa fundi cherehani. Wageni walikuwa wamekwisha kupanda basi la harusi, ngoma na zumari zinalia, Ablahad akiwa na suti yake nyeupe akapiga magoti kukagua magurudumu. Tairi moja la nyuma lilikuwa kipara. Alizuia basi lisiende hata hatua mpaka tairi libadilishwe, na kwa kuwa dereva alinuna, alilibadilisha mwenyewe. Bibi harusi alisubiri juani. Mama mkwe akaangua kilio cha dhihaka: "Jamani, mwanangu ameolewa na gurudumu!" Picha ya harusi ipo hadi leo. Bwana harusi ana mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na bibi harusi anacheka mdomo wazi.

Wakati huo vita na Iran vilikuwa vinakula vijana, na Ablahad alikuwa akipeleka mafuta mstari wa mbele. Mwezi wa Aprili 1986, kwenye barabara ya Basra, ofisa mmoja aliwaamuru madereva wakaribiane ili msafara uonekane mfupi. Ablahad aliacha nafasi kubwa mbele yake, akatukanwa kuwa ni mwoga. Ndege zilipokuja, malori yaliyokaribiana yalishikana moto kama viberiti ndani ya kasha. Madereva walitoka wakiwaka, wakikimbia huku na huku, na wengine waliingia chini ya malori mengine ambayo nayo yakalipuka. Ablahad alikwenda kwenye lori lililokuwa mbele yake akamvuta dereva kupitia dirisha, na ngozi ya mikono ya yule mtu ikamtoka ikabaki viganjani mwa Ablahad. Yeye mwenyewe alipoteza sikio la kushoto. Dereva yule ni Bwana Khalaf, Mwislamu wa Shirqat, ambaye asubuhi ya leo amekuwa wa kwanza kuweka bega lake chini ya jeneza hili.

Vita vilipokwisha, mwaka 1989, Ablahad aliajiriwa kufundisha katika chuo cha madereva wa matangi nje ya mji wa Baiji, Khalaf akiwa msaidizi wake. Alifundisha Waarabu, Wakurdi, Waturkmeni na Wayazidi, na wote aliwazaba makofi kwa haki sawa. Hakuwa mwalimu mpole, na familia haitamsingizia upole leo. Kila asubuhi aliuliza upepo unatoka wapi, na aliyekosea alikimbizwa kilimani na tairi begani. Khalaf alizoea kumtania: "Ustadh, wewe ukifika mlango wa pepo, kabla ya salamu utauliza kwanza upepo."

Mwezi wa Februari 2007, saa za masomo, watu wenye bunduki walifika chuoni. Walimchinja mlinzi getini, wakawatia Ablahad na Khalaf kwenye buti la gari. Waliwapeleka kusini mwa Mosul, kwenye tanuri la zamani la matofali karibu na vilima vya mto. Hapo palikuwa na lori lililosheheni mitungi ya klorini, gesi ya kusafishia maji, iliyoibwa. Mkubwa wao alikuwa mtu mwenye ndevu zilizotiwa hina, nao walimwita Amiri.

"Wewe Mnasara ndiye bingwa wa mizigo ya hatari?"

"Mimi nafundisha watu kuufikisha mzigo salama."

"Sisi hatutaki ufike salama. Tunataka ufike."

Walitaka awafundishe vijana wao kuliendesha lori lile hadi kwenye soko la Alhamisi. Ablahad alikataa. Walimlaza mkono wa kulia juu ya tofali wakaupiga kwa spana, kidole kimoja kimoja, na kila walipouliza alisema hapana, mpaka vidole vikaisha. Ndipo wakamleta Khalaf.

"Ustadh," Khalaf akapiga kelele, "usiwafundishe hawa mbwa hata kupiga honi!"

Wakampiga Khalaf risasi ya mguu, kisha wakaihamishia bastola kwenye kisogo. Ablahad akasema, "Basi. Kesho asubuhi nitaanza."

Alifundisha kweli. Mmoja wa vijana wale, Mudhar, alikuwa na miaka kumi na tisa na mkono mwepesi kwenye usukani. Wenzake walipokwenda kunywa maji, alibaki akauliza gesi ile humfanya nini mtu.

"Inakuwa tindikali kifuani," Ablahad akamjibu. "Mtu anazama akiwa nchi kavu."

"Wao wametuambia hakuna maumivu."

"Nani aliyerudi akawaambia?"

Mudhar akarudi kwenye usukani. Alasiri likaja somo la kuteremka mlima na mzigo. Ablahad alimwonyesha Amiri mkono wake uliovimba kama mkate, akamwambia hawezi kushika gia, apewe Khalaf. Amiri alikubali, akawapandishia mlinzi ndani ya kichwa cha lori. Amiri na watu wake, Mudhar akiwamo, walifuata kwa magari mawili ili watazame. Ablahad alikanyaga pedali na kushika usukani kwa mkono wa kushoto, Khalaf akiingiza gia. Walipofika mteremkoni Ablahad alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mlinzi alipasua kioo cha mbele kwa paji la uso, Khalaf akamfungulia mlango, akamsukuma, na gurudumu la nyuma likampita kiunoni.

"Gia ya tatu!" Ablahad akafoka. "Tatu, mwana wa punda!"

"Nimepigwa risasi, mimi!"

"Ya mguu! Gia ni mkono!"

Risasi zikaanza kulia nyuma. Ablahad alitazama kwenye kioo cha pembeni akaona moshi wa rangi ya kijani na manjano ukivuja kwenye mitungi. Njia ya kushoto ilikwenda mjini, ambako wangepata watu wa kuwaokoa. Yeye alikata kulia, akalishusha lori kwenye korongo kavu lisilo na nyumba wala zizi. Upepo ulikuwa unatoka magharibi. Alimbeba Khalaf mgongoni akapanda naye ukingo wa magharibi, kuukabili upepo na kwenda juu, kwa kuwa gesi ile ni nzito, hulala mabondeni.

Waliokuwa wakiwafukuza hawakulijua hilo. Magari yao yaliingia moja kwa moja ndani ya korongo ili wawawahi mbele. Kwanza kilisikika kikohozi. Kisha milio ya bunduki zikipigwa hovyo, watu wakipiga risasi hewa kana kwamba hewa ndiyo iliyowavamia, na ndivyo ilivyokuwa. Walipigana wenyewe kwa wenyewe kugombea milango. Amiri alimkanyaga mtu wake usoni apate kupanda jiwe, akaanguka chali, akabaki akikwaruza koo lake mwenyewe mpaka likatoka damu. Kisha ikasikika sauti: "Ustadh! Ustadh!"

Ablahad alivua shati, akalilowesha kwa mkojo wake kwa kuwa maji hapakuwa na tone, akalifunga puani.

"Unakwenda wapi wewe?" Khalaf akamkamata suruali. "Huyo ndiye angeendesha hili lori Alhamisi! Angeua watoto sokoni!"

"Asubuhi alikuwa darasani kwangu."

"Mwache afe!"

Ablahad alimpiga teke mkono, akateremka. Alirudi akitambaa, macho yamefumba, akimburuta Mudhar kwa ukosi wa shati. Hakumwokoa. Kijana alikufa kichwa chake kikiwa pajani kwa Ablahad, povu la waridi likimtoka puani, akijaribu kusema neno ambalo Ablahad alisema hakulielewa. Wakulima wa nyanya waliwaokota wote watatu, wawili wazima na mmoja maiti, na Ablahad hakukubali maiti atupwe njiani.

Tangu siku hiyo mapafu yake hayakuwa mapafu tena. Binti yake Nardin, aliyekuwa Sweden, alimsihi amfuate. Alijibu kwamba huko malori yana breki nzuri na yeye atafanya nini. Agosti 2014, wenye bendera nyeusi walipouteka mji huu, aliendesha lori la nafaka hadi Ankawa likiwa limejaa majirani, na alipohema alisikika hadi nyuma. Nyumba yake ilichomwa. Alirudi mwaka 2018, akaanza tena kufundisha madereva katika ukumbi wa kanisa, kwenye viti vya plastiki, kifua kikimlilia kama paka.

Kila darasa alilisimulia habari za Mudhar, kwa jina lake. Wapo waliokasirika. Myazidi mmoja, aliyeuliwa kaka zake watatu, aliinuka akamrushia kiti kikampasua mdomo. Darasa likamwangukia yule mtu kwa ngumi. Ablahad aliwaamua kwa fimbo, damu ikimtiririka kidevuni, akamwambia, "Kasirika, ni haki yako, nami sikuombi umsamehe. Lakini siku mtungi ukipasuka, gesi haitauliza wewe ni wa nani, na wewe usiulize aliyelala bondeni ni wa nani. Unatazama upepo, unafunga pua, unashuka." Yule mtu alibaki, akamaliza mafunzo, na sasa anabeba gesi ya kupikia kati ya Dohuk na Mosul.

Mwaka 2021 alishindwa kupanda ngazi za ukumbi, akaacha kazi. Miaka miwili ya mwisho aliishi kwa mtungi wa oksijeni, na alipigana nao kama alivyopigana na kila kitu. Aliwatukana madaktari. Alirusha vikombe. Kwa Shmuni pekee ndiko alikokuwa mtulivu, naye Shmuni alimlisha dolma, wali uliofungwa kwa majani ya mzabibu, kipande kwa kipande, akimwambia, "Tafuna, gurudumu langu."

Tarehe 20 Novemba 2023 familia ilimwita Abuna Yaqub aje kumpaka mafuta matakatifu. Abuna aliingia na mshumaa unaowaka. Mgonjwa, ambaye tangu juzi yake hakuwa ametamka neno, aliinuka kitandani akaupiga ule mshumaa kwa kiganja chake kibovu ukarukia ukutani.

"Abuna! Kuna oksijeni humu! Unataka twende sote kwa pamoja?"

Abuna alimpaka mafuta bila mshumaa, huku akiuma midomo, hatujui kwa hofu au kwa kicheko. Kesho yake, tarehe 21, adhuhuri, pumzi ilipokwisha kumtoka, Sanharib aliufunga mtungi, akautoa uani, akafungua madirisha yote, akasubiri mpaka chumba kikapata hewa safi. Ndipo akawasha mshumaa. Majirani waliouona dirishani hawakuhitaji kuambiwa.

Ameacha mjane, Shmuni, watoto, Nardin, Behnam na Sanharib, wajukuu sita, ndugu yake Khalaf wa Shirqat, aliyeomba aandikwe humu kwa neno hilo, na madereva wengi sana ambao leo wako barabarani, wazima.

Kifua chake kimepata pumziko. Mungu amlaze pema.