Punje Nyeupe Kwenye Blanketi la Mbuke

Julai hapa Mbalizi baridi inang'ata masikio, ndiyo maana benchi letu la kahawa jirani na machinjio linajaa mapema. Yupo Marcelino mchinjaji, tunamwita Bucha. Yupo Ezekia, Mzee Redio, ambaye tangu ile kampeni ya redioni ya Mtu ni Afya kila ugonjwa ameshausikia yeye. Yupo Jailos wa Chunya, Dokta Tumbaku. Na yupo Budeba, Msukuma wetu wa ng'ombe, ameshika kikombe hanywi. Jumatatu mkewe alikuta vitu vyeupe kama punje za mchele kwenye blanketi la binti yao Mbuke, wa miaka mitatu, anayelala na mbwa wao. Punje zilikuwa zinatembea. Kusema kweli sote tuliogopa, ila kijiweni mtu haogopi kimyakimya.

REDIO: Hiyo minyoo ya mbwa. Nimeisikia redioni.

BUCHA: Redio yako si betri zilikufa mwezi wa tatu?

REDIO: Nilisikia kabla hazijafa!

BUDEBA: Jamani, ni mtoto wangu huyo.

MIMI: Bwana mifugo kasemaje?

BUDEBA: Mbwa apewe dawa, kisha apewe tena. Asitupiwe nyama mbichi ya machinjioni. Mavi yake yafukiwe, mtoto anawe mikono.

Wote tukamgeukia Bucha.

BUCHA: Mnaniangalia nini? Maini yenye malengelenge naambiwa nichome. Kuni ananipa nani? Nawatupia mbwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

DOKTA: Mnyoo ukichoka tumboni unapanda kichwani. Chunya kuna mbwa alitapika mnyoo futi kumi na mbili, ukakimbilia porini wenyewe. Dawa yake maji ya tumbaku. Unakufa palepale.

BUCHA: Na mbwa?

DOKTA: Mbwa naye. Lakini mnyoo si umekufa?

REDIO: Wa siku hizi unaingilia machoni. Ukimtazama tu mbwa anajikuna, tayari. Haba na haba hujaza kibaba.

Mbele yetu palikuwa na mbwa anajikuna. Nikageuza uso haraka.

BUDEBA: Basi mimi nimepona. Mbwa yuko Igurusi kwa shemeji tangu Jumatatu ileile, na leo Alhamisi. Blanketi tumelichemsha.

BUCHA: Si ungesema! Umekata mzizi wa fitina. Kunywa kahawa, bwana.

Budeba akacheka, akanywa. Ndipo akaja Nyamizi, mkewe, Mbuke mgongoni, kipande cha kanga kimekunjwa mkononi.

NYAMIZI: Shikamooni, wazee.

Tukaitikia. Akakunjua kitambaa. Punje mbili nyeupe, moja bado inajikunja.

NYAMIZI: Baba Mbuke, hizi nimezikuta asubuhi hii kwenye blanketi lilelile tulilochemsha. Mbwa yuko Igurusi. Zimetoka kwa nani?

Redio akatazama ndani ya kikombe chake. Dokta akasogea mwisho wa benchi. Budeba akaweka kikombe chini.

Mbuke akanyoosha mkono juu ya bega la mama yake, anataka kashata yangu. Mungu anisamehe, nilirudisha mkono.