Denise Hodgetts na Kitabu cha Sindano cha Bi Lunn

Denise Hodgetts aliingia karakana ya ushonaji ya Pardoe hapa mjini Redditch mwaka 1977, na Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba 2024, anaivua subana kidoleni baada ya miaka arobaini na saba ya kazi. Walioandaa sherehe waliponiomba niandike wasifu wake walinionya: "Bi Beryl, usizidishe ukurasa mmoja, na usimsifu kupita kiasi." La kwanza nitajaribu. La pili wangemwomba mtu mwingine, maana huyo mstaafu nimemzaa mimi.

Shule sikusoma sana, lakini meza ya kushonea naijua. Nilishona hapo mpaka macho yaliponigomea, na Denise alikaa kiti cha pili kutoka changu. Kwa hiyo ninayoandika hapa sikusimuliwa.

Alikuja na miaka kumi na tisa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mkoba wa kukunja, ule wa mifuko midogo ambao wanawake wa enzi za Malkia Viktoria walitia nyuzi, vifungo na mkasi, wakauviringisha na kuufunga kwa utepe. Alipiga pindo lililonyooka kuliko la watu waliokuwa hapa tangu kabla hajazaliwa. Tatizo ni kwamba alipoinuka kumpelekea Bwana Pardoe, mkoba ulienda na sketi yake, vimeshonwa pamoja.

"Mshono mzuri," Bwana Pardoe akasema. "Sasa tuambie, na hiyo sketi tuiuze bei gani?"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Hakurudia kosa hilo. Baada ya miaka michache alikuwa akitengeneza vitabu vya sindano peke yake, vile vidogo vyenye majalada ya hariri na kurasa za flaneli za kuchomekea sindano. Mwaka 1988 akawa mkuu wa meza. Kuna wanawake wanaoshona vizuri, na kuna Denise. Kama naonekana kujigamba, basi naonekana sawasawa.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeandika tangazo la duka. Wale mlioajiriwa juzi mnadhani karakana hii ilikuwapo siku zote kama kilima. Mwaka 1996 ilikuwa inakata roho. Mikoba ya kiwandani ilijaa kila duka, na sisi wanawake kumi na wawili tulikuwa tukipangusa vumbi kwenye kazi ambazo hazikuchukuliwa. Ndipo duka moja kubwa la London likasema linataka vitabu vya sindano vya kuuza Krismasi, lakini viigwe kutoka kitabu halisi cha zamani, si cha kubuni. Sampuli ifike Jumatatu.

Bwana Pardoe alitukusanya. "Tukiikosa hii," akasema, "Krismasi nafunga mlango, na Januari siufungui." Hakuna aliyemaliza chai yake.

Kitabu halisi tulikijua kilipo. Bi Lunn, mjane wa kijiji cha Feckenham niliyekuwa nikisali naye, alikuwa na kitabu cha zambarau, kinatosha kiganjani, kilichoshonwa na Hester, mama wa bibi yake, akiwa kitandani katika ugonjwa uliomwondoa. Sindano zake zilikuwa bado zimechomekwa humo kama alivyoziacha. Bi Lunn alituruhusu kukishika, kukipima na kukichora. Kukata uzi, hapana.

Denise akapima, akachora, akashona. Kitabu cha kwanza kikabaki mdomo wazi. Cha pili kilifunga, halafu kikapasuka mgongoni. Cha Hester kilikuwa kikifunga polepole na kutulia kama kope. Sisi sote tulifundishwa kugandisha kitambaa juu ya kadi ngumu za jalada kwa gundi, na hivyo ndivyo alivyofanya. Ilikuwa wazi kwamba Hester alifanya kitu kingine ndani, lakini ukingo wote ulizungukwa na kamba nyembamba ya hariri iliyoficha maungio. Bila kuifumua kamba ile, tungekisia mpaka Jumatatu ipite.

Jumamosi tulikwenda Feckenham watu watatu: Bwana Pardoe, Denise na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Bi Lunn hakumwamini mwanamume yeyote aliyevaa tai siku isiyo ya ibada.

"Beryl," akaniuliza kabla hatujakaa, "mikono ya binti yako haitetemeki?"

"Bi Lunn, mikono hiyo kairithi kwangu."

"Ndiyo maana nauliza."

Akakubali kwa sharti. Kitafunguliwa pale pale, mezani kwake, mbele ya macho yake, na kitafungwa siku hiyo hiyo kama kilivyokuwa. Bwana Pardoe alishukuru, akaanza kumweleza habari za duka la London, ukubwa wake, madirisha yake, na jinsi kazi ya Hester itakavyoonekana na dunia nzima. Bi Lunn alikuwa akimtazama Denise.

Denise alitandika kitambaa cheupe, akakilaza kitabu, akakata uzi wa kwanza kwenye pembe. Kisha wa pili. Kwenye wa tatu tukasikia mlio mdogo mkavu, kama ganda la kitunguu linapovunjwa. Hariri ya zamani inazeeka vibaya. Ukiitazama inang'aa, ukiigusa inakatika.

Bwana Pardoe aliusikia, nami niliusikia. Sikujua kama Bi Lunn naye aliusikia.

"Endelea, Denise," Bwana Pardoe akasema kwa sauti ya chini.

Denise akaweka mkasi mezani.

"Denise. Unajua Jumatatu kuna nini."

"Najua, bosi. Mama yangu yuko kwenye hao kumi na wawili."

"Basi kata!"

"Hiki si changu cha kukikata. Wala si chako."

Mimi hapo nilitamani kumfinya chini ya meza. Mume wangu alikuwa hafanyi kazi mwaka ule, na Januari niliiona inakuja kama lori. Lakini Denise alikuwa ameshamgeukia mwenye nyumba.

"Bi Lunn, nimekipasua. Hapa, tazama, urefu wa punje ya shayiri. Nikiendelea huenda ikakimbia mpaka katikati, na hariri ikikimbia hakuna anayeirudisha. Nisamehe. Nikikifunga sasa, hakitazidi hapo."

Bwana Pardoe alifunika uso kwa viganja. Birika lilikuwa linachemka jikoni na hakuna aliyekwenda kuliepua. Bi Lunn aliinamia ile punje ya shayiri, nami nikaanza kutafuta koti langu kwa macho.

"Nipe mkasi," akasema.

"Bi Lunn, si lazima..."

"Nimesema nipe. Huyu bosi wako tangu aingie ananipigia hadithi za madirisha. Wewe ndiye umeniambia kimepasuka. Hester ni wa kwetu. Kama ni kukatwa, atakatwa na mtu wa kwao. Wewe niambie wapi."

Basi akavaa miwani. Yeye akikata, Denise akiishikilia hariri kwa chini na ncha za vidole viwili. "Hapa. Ngoja. Bado. Sasa hapa." Mama wa miaka themanini na mkasi, na mikono iliyotetemeka siku ile ilikuwa yake. Kila uzi ulipokatika nilisubiri ule mlio. Kwenye pembe ya pili ile punje ilijongea kidogo, Denise akaibana, ikasimama. Mwishowe ukingo mzima ukawa wazi.

Ndani hamkuwa na gundi hata tone. Hester alikuwa amevika kila kadi nguo yake peke yake, mbili kwa kila jalada, akazishona ukingo kwa ukingo, na utepe wa mgongo ukabanwa katikati yao kama jibini ndani ya mkate. Ndiyo maana kilifunga kwa utulivu. Denise alicheka kwa sauti, peke yake, kama mtu aliyetekenywa. Bwana Pardoe alitoka kwenda bustanini kupenga kamasi, na alichukua muda kurudi.

Kukifunga kulichukua mchana wote. Denise alipitisha sindano katika matundu yale yale ya Hester, hakutoboa jipya hata moja, na juu ya pasuko akalaza uzi mwembamba wa zambarau ili lisizidi. Bi Lunn alikifungua, akakifunga, akakifungua tena.

"Pasuko nitaliona kila siku," akasema.

"Ndiyo, utaliona. Sikulificha."

"Ungelificha, ningewatoa wote watatu kwa ufagio."

Jumapili Denise alishona sampuli kwa namna ya Hester, Jumatatu ikafika London, duka likaagiza, na Januari mlango ulifunguliwa. Ninyi mnaosoma kijitabu hiki mmekaa nyuma ya mlango huo huo. Bwana Pardoe, ambaye sasa amefika miaka themanini na mitatu na ataketi safu ya mbele, atawaambia hakusema "basi kata". Msimwamini. Lakini mwambieni asante, kwa sababu wiki ile ile aliweka sheria inayofuatwa mpaka leo: kitu cha kale kikiletwa hapa kunakiliwa, uzi wa kwanza hukatwa na mwenyewe.

Tangu hapo watu wameleta vitu vyao kutoka Wales, kutoka Scotland, vingine vimefungwa ndani ya soksi. Denise hukaa upande wa pili wa meza na kuwapa mkasi, kipini kikiwaelekea. Kuna wanaokata, kuna wanaolia kwanza ndipo wakate. Kuna wanaoghairi kabisa, na hao huwapa chai na kipande cha keki, halafu hukisia kielelezo kwa macho bila kununa.

Jumatatu ijayo mama mmoja wa Kidderminster analeta mkoba wa bibi yake, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ile iwekwe, atakayekaa ng'ambo ya meza hatakuwa mwanangu. Atakuwa Kerry, anayerithi kiti chake, ambaye hajalala vizuri wiki nzima kwa hofu. Juzi nilimsikia Denise akimwambia, "Kitapasuka siku moja, kipenzi, hata uwe nani. Kikipasuka, sema saa hiyo hiyo. Uoga utaumalizia baadaye."

Denise, mwanangu, karakana inakushukuru, na mimi nakushukuru kwa Januari ile na zote zilizofuata. Nenda kapande maharage yako, ulale mpaka jua lichoke kukusubiri. Maisha yako ya mbele yawe marefu na mema, na mikono ipumzike.