Chumba Kimoja Naivasha

Shem: Haloo? Nani mwenzangu?

Kanyiva: Mwenzako ni mimi. Kanyiva.

Shem: Ai, Mama Awuor. Hii namba siijui.

Kanyiva: Natumia simu ya ofisi, niliibeba. Sasa?

Shem: Poa. Ushafika nyumbani?

Kanyiva: Kitambo. Watoto wamepiga, wanasema kwa nyanya yao, susu wa Machakos, wanakula maembe na hawarudi. Wewe uko wapi?

Shem: Niko kwa jam. Hapa tao, Uhuru Highway. Magari hayasongi kabisa.

Kanyiva: Pole. Basi kama umesimama, nisikize. Yule dada wa hoteli amenipigia.

Shem: Wa Naivasha?

Kanyiva: Kwani tuna hoteli ngapi? Anataka kujua leo, kabla afunge ofisi, kama tunachukua chumba kimoja ama vitatu.

Shem: Unakatika— umesema ngapi?

Kanyiva: Vitatu. Baba Awuor, hii likizo ni ya nani?

Shem: Yetu.

Kanyiva: Sisi na nani?

Shem: Mimi na wewe. Nani mwingine?

Kanyiva: Hiyo ndiyo nilikuwa nakumbuka. Tangu Awuor azaliwe hatujawahi kuenda mahali sisi wawili. Ni wewe ulisema, umekaa hapa kwa kochi, mpaka ukazima TV ndio niskie vizuri.

Shem: Nilisema.

Kanyiva: Sasa chumba cha Sammy na bibi yake kimetoka wapi?

Shem: [anakohoa] Sammy ni ndugu yangu.

Kanyiva: Sijauliza ukoo.

Shem: Nilimtajia tu. Si unajua Sammy, ukimtajia mahali anachukua ni kama ameitwa.

Kanyiva: Dada anasema ni wewe ulipiga. Ukamuuliza kama wanakubali mgeni aje na jiko yake.

Shem: Sammy anasema nyama ya hoteli wanakata kama ya mgonjwa.

Kanyiva: Kwa hivyo tunaenda kupumzika ndani ya moshi wa Sammy.

Shem: Ngoja. Hebu ngoja. Kimoja chetu, kimoja cha Sammy. Cha tatu ni cha nani?

Kanyiva: Unakatika.

Shem: Sikatiki. Network imerudi sawa.

Kanyiva: Haloo? Halo—

Shem: Kanyiva.

Kanyiva: Ni cha Kavindu.

Shem: Dada yako.

Kanyiva: Na watoto wake. Amepitia mambo mengi huu mwaka.

Shem: Amepitia nini? Amebadilisha viti vya sebule.

Kanyiva: Usimcheke, tafadhali.

Shem: Simcheki. Nakumbuka tu ni wewe ulikuwa unaniuliza hii likizo ni ya nani.

Kanyiva: Haya, umeniweza. Lakini kuna kitu ingine hujui. Kavindu na Sammy wamefungua kundi la WhatsApp. Linaitwa Naivasha Hatulali.

Shem: Sammy hajaniambia. Na wewe umo?

Kanyiva: Mimi simo. Nilidhani wewe umo.

Shem: Simo.

Kanyiva: Kavindu alinitumia meseji yao kwa makosa, akafuta, lakini nilikuwa nishaisoma. Mama mkwe wa Sammy yumo. Amepewa kazi ya chapati.

Shem: Likizo yetu ina kundi, na kundi lina mtu wa chapati—

Kanyiva: Na wenye likizo hawajaongezwa.

Shem: [anacheka] Labda wanangoja tuombe. Labda kuna masharti.

Kanyiva: [anacheka] Wewe nawe. Unajua mara ya mwisho nimekusikia ukicheka hivyo ni lini? Ile siku tumeenda kula samaki tao, na Awiti wa ofisi yenu akatukuta, akavuta kiti.

Shem: Awiti ana stori.

Kanyiva: Na kabla Awiti aje?

Shem: Tulikuwa tunakula.

Kanyiva: Tulikuwa tunatoa mifupa, Baba Awuor. Kila mtu na kichwa kwa sahani yake.

Shem: Samaki inataka mtu awe makini.

Kanyiva: Na Jumamosi kule mkahawani Karen? Ile chakula yote haikuwa na mfupa hata moja.

Shem: Karen kosa ni langu. Nilitaka tu tupewe meza ya kwa bustani, ndio nikawadanganya tunasherehekea miaka ya ndoa. Sikujua watatuimbia.

Kanyiva: Wahudumu wote. Mmoja anapiga sufuria na mwiko. Halafu yule msichana aliyebeba keki akauliza, watu wote wakiangalia, siri ya ndoa yetu ni gani.

Shem: Hiyo tuiwache.

Kanyiva: Ukafikiria. Ukaangalia miti. Ukasema, "Ratiba."

Shem: Si tuna ratiba nzuri?

Kanyiva: Watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wameshainua mikono.

Shem: Na wewe ulisema nini? Ulisema, "Amesema kweli."

Kanyiva: Ningesema nini? Siku hiyo nilienda choo mara tatu. Sikuwa na haja.

Shem: Nilijua.

Kanyiva: Ulijua?

Shem: Ulikuwa ukiondoka napumua. Halafu nakuona unarudi, naokota menyu naanza kuisoma upya. Mpaka sasa naweza kukutajia supu zao zote.

Kanyiva: [anavuta pazia]

Shem: Mama Awuor? Uko?

Kanyiva: Niko. Ngoja nitoke kwa balcony nianue nguo, naona kama kunataka kunyesha.

Shem: Sawa.

Kanyiva: Bado uko kwa jam?

Shem: Bado. Ni mbaya leo.

Kanyiva: Hiyo jam iko hapa kwa parking yetu? Kwa sababu naona gari yetu, na naona mkono wako umeutoa nje ya dirisha.

Shem: [dirisha linapanda]

Kanyiva: Umekaa hapo tangu lini?

Shem: Si sana.

Kanyiva: Askari wa geti amekuletea chai. Naona kikombe.

Shem: Ni Mwendwa tu. Huwa ananiletea.

Kanyiva: Huwa.

Shem: Kanyiva, si hivyo unavyofikiria. Ni tangu watoto waende kwa susu. Wakiwa nyumbani napanda mbio, kuna kelele, huyu amepoteza kiatu, huyu anataka nimpige picha. Sasa nikifungua mlango ni wewe tu.

Kanyiva: Ni mimi tu.

Shem: Sijasema kwa ubaya. Nakupenda, na nikifika hapo mlangoni sijui niseme nini. Ndio hiyo. Kichwa inakauka. Ndio nauliza kama umeweka tokeni ya stima kwa mita.

Kanyiva: Unaniuliza kila siku.

Shem: Najua. Hata najisikia nikiuliza.

Kanyiva: Unajua nilimwita Kavindu kwa nini? Niliogopa. Bado naogopa. Hapa tukinyamaza tunasingizia kazi, tunasingizia watoto. Lakini tukienda huko sisi wawili, tukae kando ya maji siku nzima, halafu tukose la kusema— basi tutakuwa tumejua, Shem. Na tukishajua tutafanya nini?

Shem: Hata mimi nilimwita Sammy kwa sababu hiyo hiyo.

Kanyiva: Nilijua si nyama.

Shem: Lakini sasa si tunaongea?

Kanyiva: Ni simu hii. Kwa simu wewe ni mtu mzuri sana. Sijui huyo mtu huwa unamwachia nani hapo chini, Mwendwa ama nani.

Shem: Na wewe kwa simu hunikasirikii.

Kanyiva: Basi Naivasha tuwe tunapigiana. Wewe ukae upande wa bwawa, mimi nikae chumbani.

Shem: Nitakuuliza mambo ya supu.

Kanyiva: [anacheka] Shika— dada wa hoteli anapiga kwa ile simu yangu. Nimwambie nini?

Shem: Wewe unataka nini?

Kanyiva: Usinirudishie mimi.

Shem: Kimoja. Mwambie kimoja.

Kanyiva: Una hakika?

Shem: Sina. Mwambie tu kabla nibadilishe.

Kanyiva: [kwa mbali] Haloo dada. Eeh, nimeongea na mzee... Kimoja. Cha watu wawili... Hao wengine? Hao wana kundi lao, watakupigia wenyewe... Ya jiko sijui. Haya, asante. [karibu] Nimemwambia.

Shem: Nimesikia. Wacha nirudishe kikombe nipande.

Kanyiva: Usichukue lifti, itakata simu. Pitia ngazi.

Shem: Mpaka ghorofa ya saba?

Kanyiva: Mpaka saba. Ukikata utafika hapa uniulize tokeni.

Shem: Haya. Naingia. Nimeanza kupanda. Niulize kitu.

Kanyiva: Umekula?

Shem: Hiyo tu ndiyo umepata?

Kanyiva: Ndiyo imekuja mbele.

Shem: Sijakula. Wewe?

Kanyiva: Sijapika. Nilikuwa nakasirikia vyumba.

Shem: [anahema] Kuna mama mmoja huko Riruta anapika matumbo na chapati. Ana benchi moja tu, ndefu, imeangalia barabara. Mnakaa mkipangana, kila mtu anaangalia mbele. Ukiona kitu inapita unasema, usipoona unakula.

Kanyiva: Huyo mama ulimjulia wapi?

Shem: Kabla nikuoe. Siku zangu za kukaa peke yangu.

Kanyiva: Na hujawahi kunipeleka.

Shem: Nilidhani wewe ni mtu wa Karen.

Kanyiva: Mimi nilidhani wa Karen ni wewe. Uko wapi sasa?

Shem: Nimefika ya nne. Magoti—

Kanyiva: Basi simama hapo hapo. Navaa viatu twende Riruta.

Shem: Nisimame na simu?

Kanyiva: Na simu. Nafunga mlango... nateremka. Usikate.

Shem: Sikati. Nakusikia kwa simu na kwa ngazi.

Kanyiva: Nakuona kutoka hapa juu. Umeanza kutoa kipara hapo katikati ya kichwa.

Shem: Tangu mwaka juzi.

Kanyiva: Sikuwa nimeona.

Shem: Sasa umenifikia. Tukate simu?

Kanyiva: Bado kidogo.