Tangi Lilikuwa Safi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Buluu. Alikuwa mtaalamu wa bakteria. Jina hilo alilipata kwa mikono yake, maana rangi ya buluu ilimganda kwenye kucha hadi siku tuliyomzika.

Kazi yake ilikuwa kuwabadilisha bakteria. Aliwapachika jeni mpya, akawalisha sukari, nao wakamtengenezea rangi ya kutia vitambaa. Nyumbani walimtania. "Dada, umefuga wadudu wasioonekana, na bado wanakula kuliko ng'ombe!" mdogo wake alikuwa akimwambia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mwenyewe alitaka hili lisemwe. Wakubwa wa kiwanda walikuja kuona tangi kubwa alimowafuga bakteria wake likifunguliwa. Mama Buluu alitaka kuwaonyesha kuwa kazi yake ni ya gharama nafuu, akaacha kutia dawa. Dawa ile ilikuwa ikiua bakteria yeyote anayetupa jeni aliyopewa. Bila dawa, wavivu wakaitupa, wakala sukari, wakazaana, wasitengeneze kitu. Bomba likafunguliwa. Watu wakasubiri buluu. Kikatoka kitu kama maji ya kuoshea mchele.

"Kulikoni?" mkuu wa kiwanda akauliza.

Mama Buluu uso ulimwaka moto. Akasema, "Tangi halikuoshwa vizuri."

Aliyeosha tangi alikuwa fundi wa kiwanda, shemeji yake, mume wa mdogo wake. Fundi alitazama buti zake tu. Jioni ile alirudi nyumbani hana kazi.

Baadaye Mama Buluu alichukua maji yale akayatazama kwenye hadubini. Hakukuwa na uchafu wa nje. Walikuwa bakteria wake walewale. Akawaotesha kwenye dawa, wakafa karibu wote; walikuwa wameitupa jeni. Kosa lilikuwa lake, na akanyamaza.

Mwishowe aliweza kuifunga jeni ile isitupike tena. Rangi ikatoka tele, sifa zikammiminikia. Kila alipopigiwa makofi aliinamisha kichwa. Watu wakasema, jamani, mama huyu hana makuu! Kumbe alikuwa anaona haya. Kwa mdogo wake aliingilia mlango wa jikoni, asije akakutana na shemeji sebuleni.

Alipougua alimwita fundi, akamwambia yote huku analia. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyetusimulia. Mumewe akasema, "Nimekusamehe, shemeji. Ila hapa tuko chumbani. Siku ile ulisema mbele za watu."

"Basi nitasema mbele za watu," akajibu.

Akatupigia simu hapa studio. Sauti ilikuwa imekwisha. "Nipeni dakika moja tu," alisema. Tukapanga aje Jumatatu. Jumapili akafariki.

Kwa mdogo wake, kwa watoto na kwa wote aliofanya nao kazi, poleni sana. Nasi tuliobaki, tujiulize ni nani tuliyemtwika kosa letu akalibeba kimya. Pengine bado yu hai, na namba yake tunayo.

Na wewe, fundi, mkeo ametuambia unatusikiliza. Hii ndiyo dakika ya shemeji yako. Tangi lilikuwa safi. Narudia, kwa waliochelewa kufungua redio: siku ile, mbele za watu wote wale, tangi lilikuwa safi.