Kokobolo Amelala Wapi

Pale Paraiso meli hupita kama ghorofa lililoamua kuhama. Ukikaa kwenye benchi la Bi Idalia Worrell maji ya mfereji huyaoni. Unaona paa la kanisa, na juu ya paa ukuta wa chuma uliobeba makontena unateleza taratibu, bila kelele. Wanywaji wake wa kahawa wameuona ukuta huo tangu utotoni, na bado ukipita vikombe husimama hewani. Asubuhi hiyo ilikuwa tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu. Muziki ulikuwa umezimwa mji mzima na watu wameshika njia ya makaburini. Bi Idalia alikuwa na maua meupe ndani ya kopo, ila hakuwa na kaburi la kuyapeleka. Baba wa bibi yake, Kokobolo, alitoka Barbados kuja kuchimba mfereji huo wa kuunganisha bahari mbili. Siku moja kule Kulebra, walikopasua mlima kupitisha mfereji, baruti ilishika kabla ya wakati, mlima ukaporomoka, na yeye hakuokotwa. Kila mwaka maua yake yalinyaukia dirishani. Mwaka huu Bi Idalia alikuwa amechoka.

— Niambieni niyapeleke wapi, aliwaambia wanaume watatu wa benchi huku akiwamiminia kahawa. Na anayetaka kunichekesha atakunywa maji.

— Kulebra palepale, alisema Mvua, mzee asiyeachana na mwavuli hata jua likiwaka. Simama ukingoni, tupa maua. Basi.

— Palepale wapi? alidakia Redio, redio pekee ambayo haikuzimwa siku hiyo. Alipofia Kokobolo hapapo tena! Pamebaki hewa. Mlima ulichimbwa, ukapakiwa kwenye mabehewa, ukaenda zake. Unataka mama wa watu aitupie hewa maua?

— Mlima uende wapi, wewe?

— Mjini, baharini. Ile barabara ya kwenda visiwani, wanakoendesha baiskeli Jumapili, unadhani ni nini? Ni udongo wa Kulebra, umelazwa juu ya bahari.

Bi Idalia alishusha birika.

— Mimi nimekula barafu ya sharubati pale, alisema polepole. Na wanangu. Juu yake?

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mvua kwa huzuni.

— Hiyo inaingiaje hapa? aliuliza Redio.

— Behewa moja, behewa jingine, bahari ikajaa. Imeingia vizuri tu.

— Nyote mmepotea, alisema Nahodha, yule wa tatu. Treni nyingine zilikwenda upande wa pili, Gatun. Udongo ukafanywa bwawa. Ziwa zima lile, na vijiji vilivyozama ndani yake, linazuiwa na udongo! Babu yenu ndiye anayelizuia, Bi Idalia. Siku akijigeuza usingizini, tumekwisha.

— Nahodha, wewe ulitapika kwenye boti ya kisiwani Taboga, alidakia Redio, na bahari ilikuwa imelala. Tuachie habari za maji.

— Bahari ilikuwa imelala. Mimi nilikuwa macho.

Ukuta wa chuma ulitokea juu ya kanisa. Vikombe vikasimama hewani. Ulikuwa mwekundu, mrefu kuliko mtaa, na mtu mmoja mdogo kama kipisi cha kiberiti alikuwa amesimama juu yake akiwatazama. Bi Idalia alikumbuka hadithi za bibi yake: walichimba mchana kutwa, usiku mlima ukarudi chini na kufukia reli, asubuhi wakaanza upya. Wafaransa walikuwa wameshindwa kabla yao. Watu wale waligombana na mlima kwa miaka, na mlima ndio uliohama.

— Sasa sikilizeni, alisema Redio, safari hii kwa sauti ndogo. Mvua za miaka yote hii zimemwosha. Ameshuka ziwani. Na meli inapandishwa na nini kule kwenye malango ya mfereji? Hakuna pampu pale. Maji ya ziwa yanashuka yenyewe, yanainyanyua, kisha yanamwagika baharini. Huku Atlantiki, huku Pasifiki. Kokobolo yuko bahari mbili! Ile meli iliyopita sasa hivi, nani kaipandisha? Yeye. Begani.

— Mwenda tezi na omo, alinong'ona Mvua, na safari hii hakuna aliyembishia.

Ndipo alipopita Mariela, mke wa mchungaji mpya, mgeni wa wiki mbili mtaani.

— Hamjambo, wazee. Maua mazuri, mama. Ya nani?

— Ya Kokobolo! walijibu wanaume kwa pamoja.

— Saa tano tunawataja marehemu kanisani, mmoja mmoja. Nitamtaja na yeye. Jina lake nani?

— Si tumekwambia? Kokobolo, alisema Redio. Kama ule mti mgumu unaovunja misumeno. Wenzake ndio waliompa.

— Hilo ni la kazini, baba. Alibatizwa nani?

Nahodha alimtazama Mvua. Mvua alitazama mwavuli wake. Bi Idalia alitafuta kichwani, akakuta patupu. Mama wa bibi yake alimwita mumewe "mwenzangu" mpaka naye akafa. Miaka yote walikuwa wamebishania alikolala. Hakuna aliyewahi kuuliza alikuwa nani.

— Sijui, mwanangu, alisema Bi Idalia. Wala hakuna wa kuniambia.

Aliyagusa maua ndani ya kopo.

— Mtaje... mtaje Baba Leonora. Leonora ndiye bibi yangu. Alizaliwa baba yake ameshakufa.

— Baba Leonora, alirudia Mariela, taratibu, kama anayejaribu mlango.

Akiwa hai, hakuna aliyemwita hivyo hata mara moja. Bi Idalia alivua aproni, akakumbatia kopo la maua, akashika njia ya kanisani bila kugeuka. Nyuma yake alisikia benchi likilia: wanaume watatu walikuwa wamesimama kwa pamoja.