Joto Lililopotea

Benchi lile limeegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda cha sabuni, pale bomba linapochomoza kabla ya kuzama mtaroni. Mvuke wa boila ukishamaliza kazi hugeuka maji, nayo humwagwa humo yakiwa bado yanaunguza. Juu ya bomba hilo Mama Birika huegesha birika lake. Kahawa anaichemsha nyumbani alfajiri, bomba linaiweka moto hadi jioni, bila kipande cha mkaa. Ndiyo biashara yake yote, na ndiyo inayolisha wanawe. Asubuhi hiyo alimimina kikombe hadi kikafurika, maana getini palikuwa na kibao kipya: TUNARUDISHA JOTO LINALOPOTEA.

— Limepotea vipi, nasi tumelikalia? aliuliza Kisigino, fundi viatu.

— Kisheria, kilichopotea hutangazwa, alisema Kifungu, tarishi mstaafu wa mahakama. Mwenyewe aje ataje alama. Joto lao lina alama gani?

— Linanukia sabuni.

— Basi si wewe uliyeliiba, Kisigino.

Walicheka. Mama Birika alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na hofu tupu.

— Nyie chekeni tu. Wakilichukua, kahawa nitaipasha kwa pumzi?

— Usihofu, shangazi, alisema Kisigino. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Mwana ndiye joto, mama ndiye boila. Kazaa, katupa mtaroni, sisi tukalea. Leo limekua, mama anakuja kudai!

— Wanalirudisha ndani likapashe maji ya boila, wapunguze mafuta, alisema Kifungu. Mpwa wangu ni mpakizi humo.

— Kakudanganya, alisema Kisigino. Wanalijaza kwenye mitungi, wanawauzia watu wa nchi za baridi.

— Basi na tulilokalia miaka yote watalidai, alisema Kifungu. Watatupima makalio!

— Ya kwako yakipimwa, boila litawaka wiki nzima, alisema Mama Birika.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alidakia Kisigino.

— Hiyo sasa kidogo imekaribia.

Kicheko kilikatika ghafla. Fundi bomba mgeni, ovaroli bado na mikunjo ya dukani, alikuwa anakuja huku akipapasa ukuta. Kifungu alitupa koti lake juu ya birika. Mama Birika aliketi chini mbele ya bomba, akalitandazia kanga.

— Shikamooni, wazee wangu. Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

Fundi alijitupa benchini, akashusha pumzi.

— Ramani yao imeliwa na mchwa. Tumezunguka ukuta mzima, hatujui maji ya moto yanatokea wapi.

Aliegemea. Akajinyoosha. Kisha akageuka, akaweka kiganja ukutani.

— Samahani, mbona hapa pana joto?

Kifungu alikohoa. Kisigino alifungua mdomo, akatafuta methali, akaufunga. Mama Birika, shavu la mguu likimuungua, alimtabasamia fundi wala hakusogea.