Nyasani na Mbuzi wa Mama

"Mtu anazikwa mbio mbio namna hii, kama mali ya wizi inafichwa?" Hivyo ndivyo Obwocha alivyomwuliza jirani yake Kwamboka Jumanne iliyopita, kule Kiogoro, kila mmoja upande wake wa ua.

"Ni Mwislamu. Anazikwa leo."

"Ni Mgusii. Hata matanga hatujakaa. Na Joash je?"

"Joash alikula lini kwa huyu mtu?"

Wasikilizaji wapendwa, waliyekuwa wakimgombania ni Zakaria Nyasani, fundi cherehani. Nyasani ametutoka. Alifariki alfajiri, na mkewe Loice alitaka azikwe kabla ya jua kuchwa. Lakini ardhi ile ni ya ukoo. Bila kaka yake mkubwa, Joash Nyangau wa Gesima, hakuna ambaye angethubutu kugusa jembe.

Habari za Joash na Nyasani mnazijua. Kama hamzijui, sogezeni viti.

Nyasani alisilimu mwaka wa 1961, akijifunza kushona kwa mzee mmoja Mnubi mjini Kisii. Mwaka wa 1964 mama yao, Nyanchera, akaugua. Wazee wakataka mbuzi wa tambiko. Mbuzi huyo hachinjwi. Huzibwa pumzi mpaka afe, na kila mtoto wa kiume sharti ale. Nyasani alitiwa kipande mkononi. Akakishika. Akakirudisha. Nyama ya mnyama asiyechinjwa dini yake haimruhusu.

"Hata kulamba tu?" Joash alimwuliza. "Ni mama yako huyu."

Mama alikufa baada ya wiki tatu. Joash akaapa kwamba kwa Nyasani hatakula tena. Na hakula, miaka kumi na minne.

Tangu siku ile Nyasani hakutulia. Angeiacha suruali ya mteja imeshonwa mguu mmoja, atoke, azunguke nyumba, arudi, atoke tena. Kila Idi alipanda Gesima na pilau. Kila Idi alirudi nayo, watoto wa Kwamboka wakashangilia.

Loice anasema swali la mumewe lilikuwa moja tu: "Je, ningemeza?"

"Nilimwambia, ungemeza ungekuwa nani? Akavaa viatu, akaenda kutembea."

Basi Jumanne hiyo, alasiri, lori la majani chai likamshusha Joash barabarani. Obwocha akampokea na malalamiko yake yote. Joash akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua koti, akasimama kulia kwa nyumba, wanakozikwa wanaume wa kwao.

"Jembe," akasema. Halafu akamgeukia Loice: "Uso wake unaelekea wapi?"

Loice akanyoosha mkono kaskazini, iliko Makka. Joash akachora kaburi kukingama na mkono ule, maiti alazwe ubavu akitazama huko, akapiga jembe la kwanza.

Nyasani akazikwa kabla ya jua kuchwa. Loice na watoto, Joash na jamaa wote wa Gesima, pokeeni pole zetu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni mlango wa nani tunaupita bila kubisha, na tangu lini?

Maana baada ya maziko Joash alinawa udongo, akachukua koti lake, macho barabarani. Kwamboka alikuwa ameleta ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga. Loice akasimama mlangoni.

"Shemeji, unakimbilia gari gani? Humu leo hakuna nyama. Ingia ule."